Funga Mlango wa Friji

Saa saba mchana, Port Reitz.
Lami imelainika, inashika soli kama chingamu.
Ndege imekaa hapa saa nzima na robo, tumbo tupu;
abiria wako jengoni wanajipepea kwa tiketi,
na kule mkiani jenereta ndogo inanguruma,
inakula mafuta ipoze
viti mia na arobaini na vinne
visivyo na mtu.

Napanda ngazi, kipimajoto mkononi.
Safu ya kumi na mbili: nyuzi thelathini na tatu.
Vipazia vya upande wa jua viko juu vyote.
Mlango wa mbele wazi. Wa nyuma wazi.
Na mimi, fundi mwenye cheti na kizibao cha manjano,
namsikia mama kutoka Mikindani,
miaka ishirini nyuma:

"We Nyevu! Funga mlango wa friji!
Wataka kupoza Mombasa nzima?"

Mama aliuza barafu za ukwaju, shilingi tano,
katika vifuko vyembamba alivyovifunga kwa meno.
Mpira wa mlango ulipochanika
alikata tyubu ya baiskeli, akaishona kwa sindano ya gunia,
kisha akabana noti ya hamsini mlangoni, akaivuta.
"Noti ikitoka bure,
baridi nayo yatoka bure."
Sikujua kwamba pale nilikuwa darasani.

Chuoni walinichorea:
baridi ya ndege huanza na moto.
Hewa hukamwa kifuani mwa injini
ikiwa na joto la kuivisha mkate,
ikapita radieta ya kwanza, ikapita ya pili,
ikasukuma gurudumu lisilozidi sahani ya pilau,
linalozunguka hata jicho halilioni,
ndipo ikatoka na ubaridi wa kuuma fizi.
Kila pumzi ya ubaridi huo imelipiwa mahari ya mafuta.
Hili mkufunzi hakulisema.
Mama alilisema kila bili ya stima ilipokuja.

Leo nimefungua radieta ya kushoto.
Mapezi yamevaa fulana:
vumbi la Changamwe, chumvi, masizi ya malori ya bandarini,
na unyoya wa kunguru, sijui ulipitia wapi.
Chengo akacheka. "Hii si radieta, dada, ni godoro."
Rubani ameandika daftarini mara tatu: kabini haipoi.
Mara tatu tumejibu kwa kuongeza nguvu ya mtambo,
yaani tumemimina maji kwenye mtungi uliotoboka
na kuulaumu mto.

Tukaiosha polepole, kama kichwa cha mtoto mchanga.
Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya tano yalitoka kama chai.
Tukaunga bomba nene la hewa baridi la uwanjani,
linalotumia umeme,
nikaizima ile jenereta ya mkiani.
Kimya kilichoanguka kilimfanya Chengo ageuke.
Nikateremsha vipazia kimoja kimoja, pande zote mbili,
nikafunga milango, nikatoa noti ya hamsini.

Mlango wa mbele uliing'ang'ania.
Wa nyuma uliiachia bila hata kubisha.

"Kipimo gani hicho?" akauliza Chengo.
"Cha Mikindani," nikasema,
nikaandika ombi la mpira mpya.

Dakika kumi na nane: nyuzi ishirini na nne.
Bosi ataka tarakimu, nimempa: kilo sitini za mafuta,
ndege moja, adhuhuri moja.
Alitazama karatasi, akatazama dirisha
ambako nyingine mbili zilikuwa zinanguruma tupu,
akasema tutaona.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini nimeona haba na haba ikikimwaga pia.

Usiku nikampigia simu.
"Mama, leo nimefunga friji ya watu mia na arobaini na wanne."
"Vyema. Na hamsini yangu?"
"Gani?"
"Ile ya mlangoni. Uliichukua wewe, ukanunua mabuyu."

Sikuwa na jibu.
Nikasikia kwa mbali mlango wa friji ukifungwa,
kisha ukifungwa tena,
maana mara ya kwanza haushiki.