Kishikio

Mlangoni kwa daktari wa meno, mjini Tampere,
Sirkka alibandika neno: SUKUMA.
Watu wakavuta.
Akalikoza wino. Wakavuta tena,
mmoja akauomba mlango radhi.

Siku tatu akakaa pale na koti lake la theluji
akitazama mikono, si nyuso.
Kile chuma alichokichora mwenyewe,
kilichopinda kama mkono wa kikombe,
kilipaza sauti kuliko karatasi:
nishike, nivute.

Dalili ya mvua ni mawingu.
Ya kusukuma je?

Akaking'oa. Akafunga bamba la shaba, bapa,
lisilo na pa kushika, lenye ubaridi kidogo.

Akaja Oiva, shavu limevimba, hana hamu ya kusoma.
Akasukuma.
Wala hakujua kwamba ameambiwa.