Ndege wa Kufumuliwa

Wa kwanza alikuja dereva wa ubalozi wa Masaki,
Kilongola, suruali ina pasi ya kukata mkate,
kitambaa chao amekikumbatia kama mtoto wa watu.
"Tisini kwa mia na hamsini," akasema,
"isizidi, isipungue, hata upana wa kucha."
Akalipa kabla sijashika mkasi.
Noti mpya, zinanukia droo.

Wa pili alikuja kwa miguu kutoka Upanga.
Bwana Tijani, katibu wa tatu
wa ubalozi ambao wa kwanza na wa pili wameshahamia Kanada;
miezi kumi na tisa bila mshahara,
viti vya ukumbini ameviuza kimoja kimoja
kwa mwenye saluni wa Mtaa wa Mchikichi.
(Ukienda kusuka pale unakalia nembo ya taifa.)
Hakuwa na kitambaa. Alikuwa na picha
kwenye simu iliyopasuka kioo,
na jina la nchi ambayo redioni haitajwi
bila hesabu ya waliokufa.

"Tunarudishiana mabalozi," akasema. "Jumatano, hoteli ya Kivukoni.
Wametukubali."
Alilitamka neno hilo kama mposaji
aliyerudishiwa barua miaka saba.

Kijani nilikitoa kwenye masalio ya sare za shule,
nyeupe ni shuka,
nyekundu sitasema niliitoa wapi.
Nikafika kwenye ndege.

Maana bendera yao ina ndege katikati,
na hao waliouteka mji mkuu mwezi wa Rajabu
wametangaza ya kwao, haina ndege.
Nikauliza: tumweke au tumwache?
Bwana Tijani akapiga simu kwao.
Ikaita. Akapiga tena. Ikapokewa:
kishindo, mtu akikohoa,
kisha kimya cha salio kwisha.

Akakaa kwenye kigoda cha Mwajabu, msaidizi wangu,
akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Mweke," akasema. "Ila usimpige cherehani.
Mshikize kwa mkono, uzi mwepesi.
Tukitaka kumfumua
afumuke bila kuchana kitambaa."

Miaka thelathini na moja nashona Kariakoo.
Nimeshona magauni ya harusi yaliyorudi kupanuliwa
hata picha hazijasafishwa,
nimeshona kanzu za wagombea.
Sijawahi kuambiwa shona, nia iwe kufumua.

Usiku nilizilaza pamoja mezani nikazipima.
Tisini kwa mia na hamsini, zote mbili.
Moja nyuma yake kuna visima na minara,
nyingine nyuma yake kuna shimo,
na juu ya meza yangu zilikuwa sawa.
Nikaogopa kuziondoa.

Jumatano tulitazama kwa mama ntilie, runinga ina chenga.
Waziri wa nchi ya mafuta alikuja na kalamu yake
na mtu wa kumfungulia kifuniko.
Mwenzake alijipapasa mifuko, akaazima.
Wakasaini kurasa nyingi. Mtangazaji akasema udugu,
akasema bandari, akasema udugu tena;
dhahabu aliitaja haraka, kama mtu anayemeza kwinini.
Mimi macho kwa ndege.
Feni ilimpepea, bawa la kushoto likaanza kuachia.
Mwajabu akanibana mkono: "Ataruka, bi fundi, ataruka."

Hakuruka.

Kumi la mwisho la Ramadhani Bwana Tijani alirudi,
bendera ndani ya bahasha ya kaki.
"Serikali ni nyingine," akasema.
Na mkataba?
"Mkataba ni uleule. Walituma pongezi kabla ya saa sita."

Nikamfumua kwa ncha ya wembe, nyuzi zikaja zenyewe.
Kitambaa hakikuchanika, mkono wangu naujua.
Lakini nilipokiinua mlangoni, kwenye jua,
matundu ya sindano yalikuwa palepale:
ndege mzima, wa mwanga.
Bwana Tijani alimtazama sana, akauliza
akipigwa pasi atapotea?
Labda, nikasema, ukinyunyiza maji.

Hakusema ninyunyize.

Ndege wa kitambaa yumo kwenye kopo la vifungo.
Deni ni elfu thelathini na nane, simdai.
Napitia tu pale saluni, siku mojamoja,
sina hata nywele za kusuka,
nikaone viti vimebaki vingapi.