Dakika ya Kumi na Moja

Ami Shaame alikuwa na santuri moja tu ya namna ile.
Jalada lake lililiwa na mchwa upande wa jina,
mpaka leo sijui walioipiga ni kina nani:
zimebaki herufi tatu, na samaki mwenye mbawa
anapita juu ya mji wa vioo.

Upande wa pili wimbo ni mmoja, mwanzo hadi mwisho.
Sisi hapa Wete tulizoea wimbo kwisha chai haijapoa.
Huu, chai ilipoa, ikaota utando, ikamwagwa,
na kinanda bado kinapanda ngazi
kama mtu aliyesahau alifuata nini juu.

"Hesabu," akaniambia, kidole kwenye goti langu.
Moja mbili tatu, moja mbili, moja mbili.
"Saba. Ya nane haimo, usiingoje."
Nikaingoja. Kila mara nilianguka palepale,
kama anayeshuka gizani akidhani kuna kidato kimoja zaidi.
Bibi Mize, anapepeta mchele uani, akasema
hiyo si ngoma, hayo ni makabati yanahamishwa.
"Sikiliza besi, mama," Ami akacheka.
"Besi ndiyo inayojua nyumbani ni wapi."

Sasa, dakika ya kumi na moja pana mkwaruzo.
Ni wa mwaka ule wa mikasi,
bugaluu zikikatwa njiani na wenyewe wamezivaa.
Usiku mlango uligongwa kwa kiganja kizima;
mkono wa Ami ukaruka, na sindano nao.
Kumbe jirani, anataka chumvi.
Tangu hapo gitaa likifika pale linapaa, linapaa, tak!
tunatua mbele, ngoma zishagombana, zishapatana.

Na Ami, kila mara, penye tak,
alipiga mluzi. Mfupi. Sauti tano, ya mwisho imepinda.
Nilidhani ni tabia tu,
kama wengine wanavyokohoa kabla ya kusema.
Bibi alimkemea: mluzi wa usiku huita nyoka.
Hakuacha. Hakueleza.

Tulimzika wakati wa vuli, karafuu zimo mikekani.

Mwaka wa pili, duka la simu pale Limbani,
nangoja kioo changu kibandikwe.
Simu ya kijana inajiimbia, inachagua yenyewe,
mara nikasikia ile besi.
Kijana akataka kunionyesha jina. Nikamshika mkono:
niache, mwanangu, nahesabu.
Saba. Saba. Saba.
Gitaa likapaa. Nikauma meno kuingoja tak.
Haikuja.
Ikaja filimbi.
Sauti tano, ya mwisho imepinda.

Nilikaa juu ya kreti la soda.
Mteja mwingine akadhani nimeibiwa.

Juzi nimeiweka tena ile ya nyumbani.
Umeme mdogo, santuri inazunguka kwa uvivu,
wapigaji wazito kama walioshiba futari.
Mjukuu wangu Thuwaiba kalala kifudifudi karibu na spika,
miguu yake haijui kitu na inahesabu saba.
Gitaa likapaa. Nikaandaa midomo.
Tak!
nikatoa upepo mtupu, na mate kidogo.

Akageuka. "Ndivyo ulivyo?"

Siyo, nikamwambia. Ngoja.
Nikairudisha sindano nyuma.