Mkaazi wa Pili

Ghorofa ya nne, Michenzani, jumba namba sita.
Maji hayafiki huku, hupanda na mimi ndooni.
Chumba nimekipima kwa mkono: dhiraa saba kwa sita,
na veranda ya kuanikia kanga mbili, si tatu.
Basi nani atakayekubali kuhamia?

Binti wa kaka yangu, Nasra, kapiga simu kutoka Maskati:
"Shangazi, fuga kitu. Nyumba ya pumzi moja hula mtu."
Kusema rahisi. Paka wa chini ni wa jumba zima,
huja kwa harufu ya dagaa, huondoka bila ya kuaga;
yule simhesabu.

Nikaenda Darajani, nyuma ya wauza kuku,
kwa kijana mmoja, Mundhir, mwenye matundu saba
na majibu zaidi ya matundu.

Kwanza kasuku. Mkia mwekundu, jicho la hakimu.
Nilipoinama akasema, kwa sauti ya mwanamke:
"Nimeshakwambia, Haroub, nimeshakwambia."
Haroub ni nani? Mundhir hajui, kaletewa hivyo hivyo.
Nikarudi hatua. Ugomvi wa watu siufugi;
wangu mwenyewe, alioniachia marehemu,
haujapoa bado.

Kinyonga, je? Hali sana, halii, hataki nafasi.
Lakini Bi Riziki wa ghorofa ya tatu
akimwona kwenye pazia atasoma Ayatul Kursiyu
mpaka kuta zipasuke,
na kuta zenyewe ndizo hizi.

Kobe nilimpenda. Nikamnyanyua, mzito kama jiwe la kusagia.
"Huyu, mama, miaka mia. Hana shida."
Hapo ndipo penye shida. Mimi nina sitini na moja.
Nimwandikie nani kwenye wasia?

Komba sikumuuliza; yeye ndiye aliyeniuliza,
macho mawili kama visosi ndani ya boksi la biskuti.
Nilikuwa mkunga, miaka thelathini na tatu, zamu ya usiku.
Nimewapokea watoto wa watu, nikawafuta, nikawakabidhi.
Komba hulia kama wao. Usiku wa manane
jumba zima lingetega sikio:
mtoto wa nani huyo, kwa Bi Zuwena?
Nikasema, funika. Tena ana wenyewe msituni,
na watu wa misitu wana faini.

Nilikuwa nimeshageuka
alipotoa kitu mfano wa shokishoki lenye hasira.
"Kalunguyeye. Katoka bara, ana karatasi zake.
Huamka usiku tu. Watu hawamtaki,
mchana ni kama umenunua jiwe."
"Anakula nini?"
"Mende."
Mende, mwanangu? Mende ndio wapangaji wangu wa zamani.

Siku tatu shokishoki halikufunguka.
Nikamwekea maji kwenye kifuniko cha kopo la maziwa,
nikamwacha. Mkunga haharakishi.
Usiku wa nne tukuza ikaisha, kiza tititi,
saa nane, saa yangu ya kuamka
bila ya kazi ya kuamkia,
nikasikia kucha juu ya saruji: kacha, kacha,
kituo, chafya ya pua ndogo,
kisha mende akitafunwa bila ya staha.
Nikainuka. Yeye mbele, mimi nyuma na tochi ya simu:
jikoni, verandani,
chini ya kitanda nisipoinama tangu msiba.

Asubuhi Bi Riziki kanikuta ngazini.
"Siku hizi huko juu kuna nini?
Nasikia viatu usiku kucha."
"Ni sisi," nikasema,
nikabadilisha ndoo mkono.