Alama ya Kujumlisha

Jumatatu, saa mbili unusu, afisi ya rekodi,
ghorofa ya pili, kliniki ya saratani, Tononoka.
Feni yahamisha joto kona hadi kona
nami nina majina arubaini na mmoja,
wanaume wa tezi dume,
na simu moja ya mezani.
Swali langu ni fupi hata naona haya:
yu hai?

Kwa Mzee Shekuwe, Kuze, bintiye akajibu:
"Yuwapo, yuwala mahamri, wamtakiani?"
Nikaandika: hai, mwezi wa thelathini na nne.
Kwa Chengo, Kisauni, mkewe akanyamaza
hadi nikasikia redio ya jirani,
kisha akataja tarehe taratibu,
kama mtu anayerudisha chenji.
Nikaandika. Nikasema pole.
Nikapiga nambari inayofuata.

Alasiri kompyuta huchora ngazi.
Yaanzia juu, moja kamili, wote wapo.
Afapo mmoja yashuka kipago:
arubaini juu ya arubaini na moja,
sehemu hiyo izidishwe kwa ijayo,
na ijayo.
Kadiri wanavyopungua kipago hurefuka;
mwanzoni mtu mmoja ni unywele,
mwishoni ni shimo.

Daktari Mwakio hutafuta pale mstari unapokata nusu.
"Miezi hamsini na miwili," asema, na ripoti imekwisha.
Mimi hutazama penye ulalo.
Kifo kwenye karatasi hakina upana,
ni mstari wima, hakikai hata dakika.
Upana wote ni wa walio hai.
Kati ya mwezi wa ishirini na mbili na wa thelathini na moja
hakufa mtu: sentimita moja na nusu, bapa.
Humo ndani Karisa aliezeka nyumba ya Mtwapa,
Shekuwe akaozesha wajukuu wawili,
na mtu wa Ganjoni, ana miaka sabini na mmoja,
akajifunza kuogelea.

Lakini kuna wasiopokea.
Nambari haipatikani. Nambari siku hizi ni ya mwingine,
msichana wa Changamwe, ameshachoka na sisi.
Hawa siwaui. Siwahuishi pia.
Huhesabiwa hadi siku walipoonekana mwisho,
kisha hutoka katika idadi ya waliobaki, bila kelele,
na pale walipouachia mstari kompyuta huweka
+
Mara ya kwanza nilicheka. Kujumlisha! Kujumlisha nini?

Nambari kumi na saba, Mbwarali, karani wa zamani wa bandari,
alikuja kudungwa sindano yake ya miezi mitatu,
akaiona karatasi, akauliza vimisalaba hivi ni vya nani.
Nikamweleza. Akagonga meza kwa kidole, akaghani:

    Nalikuwa Kilindini, hesabu nikiachiwa,
    Gunia lisilo ndani, sikunena limeliwa,
    Naandika ubavuni: bado halijapokewa,
    Nami niweke pembeni, usinizike sijafwa.

Akavaa kofia, akashuka ngazi za kweli, zile za saruji,
akishika ukuta, akipumzika kila baada ya tatu.

Zamu iliyofuata hakuja.
Nimepiga mara sita. Yaita, yaita,
kisha yule mwanamke wa mtandao na adabu zake.
Nimemtuma Mwanajuma wa maabara, apita Makadara akirudi;
amekuta mlango una kufuli, na nguo bado i kambani,
kikoi kimoja, kikavu.

Ijumaa daktari ataka orodha.
Naandika tarehe ile aliyogonga meza hii,
nayo kompyuta, isiyojua kughani wala kikoi,
yaweka alama yake na kuendelea.

Daftari la karatasi bado ninalo.
Ubavuni, kwa penseli, kwa herufi ndogo,
nimeandika kama makarani wa Kilindini.