Mita Sifuri

Kalapata tulitoboa mara tatu.
Mita tisini: vumbi.
Mita mia na kumi: vumbi jeupe kama unga wa muhogo.
Mara ya tatu mashine ilikohoa,
wanawake wakasogea na madumu yao,
ikatema changarawe yenye joto.
Nikaandika daftarini: kikavu.
Nikapiga mhuri.

Jumapili Losike akaja na pikipiki ya kuazima.
"Fundi, panda. Nina mizinga ya kukagua."
Mimi mtu wa Busia, siku ya mapumziko hulala,
lakini usingizi wenyewe wiki ile ulikuwa na vumbi.

Saa mbili za nyasi.
Nyasi, halafu mgunga mmoja umejikunyata,
halafu nyasi.
Kizuizini askari akauliza tunakwenda wapi.
"Msituni," akasema Losike.
Askari akautazama uwanda huku na huku,
akacheka, akainua kamba.

Hata mimi nilicheka, kimoyomoyo.

Sikuuona ukija.
Tulipita Kamion, njia ikapanda, injini ikazimika,
tukasukuma;
na nyasi zikakatika ghafla
kama mazungumzo anapoingia mgeni.

Losike akavaa sweta yake ya shule, kiwiko kimetoboka.
Sweta, Karamoja, mwezi wa kiangazi!
Hatua kumi mbele, nikajuta sina yangu.

Mitarakwa. Mizeituni mwitu.
Ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi,
na chini, ardhi laini inayomeza nyayo
bila kutoa risiti.
Tone likanipiga kisogoni.
Nikatazama juu: pengo la mbingu, buluu, kavu kabisa.
Tone la pili.
"Mvua?"
"Ukungu wa alfajiri," akasema. "Ulipita hapa. Miti ikaushika."
Alisema hivyo kama mtu anayeeleza duka liko wapi.

Tukajaribu kukumbatia mtarakwa mmoja,
yeye upande ule, mimi upande huu.
Vidole havikukutana.
Shavu langu likabaki na utomvu na harufu ya penseli mpya.
"Una miaka mingapi?"
"Babu alisema aliukuta hivi hivi.
Lakini babu alikuwa mwongo."

Akaweka sikio kwenye mzinga, akafumba macho,
kama ninavyosikiliza pampu.

Nyuma ya mwamba palikuwa na maji.
Si mto. Kiasi cha sufuria ya watu sita,
yanatoka taratibu, hayana haraka na mtu.
Kwa mazoea nilitoa chupa ya sampuli,
nikaijaza, nikaifunga, nikaandika tarehe.
Halafu nikaifungua, nikanywa.

Kurudi, tulipita kisiki.
Kibichi. Unga wa msumeno umelala kwa mafungu madogo
kama ninavyopanga udongo wa kila mita
ili mkubwa wangu aje akague.
Nikachuchumaa, nikahesabu duara kwa ncha ya kisu.
Mia mbili na arobaini na kitu, nikapotea,
nikaanza upya, nikapotea palepale.
Losike hakusimama.
Nilimsikia mbele, akivunja vijiti ambavyo havikuwa njiani.

Tulipofika chini niligeuka.
Mstari mweusi tu, mwembamba,
kama wanja uliopakwa kwa pupa.
Ningepita hapa miaka kumi nikauita kivuli cha wingu.

Jumatatu, Kalapata, shimo la nne.
Madumu yamepangwa tangu saa kumi na moja,
la njano, la njano, la kijani lisilo na kifuniko.
Daftari langu halikubali ukurasa mtupu,
kwa hiyo nikaijaza Jumapili:
Mahali: Timu.
Mwamba: haukuguswa.
Kina cha maji:
nikakaa na kalamu mpaka wakawasha mashine,
nikaandika: mita sifuri.
Mhuri sikupiga.

Mama mwenye dumu la kijani akaniuliza kama leo yatatoka.
Nilimwambia sijui.
Akanitazama shingoni, penye utomvu uliokauka,
akanusa,
akauliza nimetoka wapi.