Chuma Kizima Huimba

Miaka thelathini na mmoja nilitembea relini,
Kintinku mpaka Saranda, nyundo begani,
nikigonga chuma na kusikiliza.
Chuma kizima huimba. Chenye ufa hukohoa.
Nimestaafu sasa. Juzi, na pesa za alizeti mfukoni,
nilisimama Majengo, Dodoma, mbele ya cherehani tisa,
kijana Chilewa akizipangusa vumbi kwa fulana kuukuu.

"Mzee, chukua hii ya umeme.
Mishono arobaini, inadarizi hata maua!"
Nyeupe kama friji. Nikaiinua kwa mkono mmoja.
Kitu chepesi hivi kitatulia vipi kwenye jinzi?
Tena kwetu umeme ni mgeni asiye na adabu,
huja bila hodi, huondoka bila kwaheri.
"Mkanda wake ukikatika, naupata wapi?"
Akatazama dari. "Dar es Salaam, mzee. Labda."

Labda haishonei.

Asubuhi ile Sechelela alinifungia vitambaa kwenye leso:
kipande cha kanga iliyochakaa,
satini iliyobaki harusi ya binti yetu,
pindo la suruali ya mjukuu, likunjwe mara nne.
"Usiniletee rangi, Ndahani. Niletee mshono."
Macho yake yamegoma kuona tundu la sindano;
mikono haijagoma.

Basi nikavua viatu, nikaweka nyayo
kwenye kanyagio la ile nyeusi ya pembeni,
iliyobanduka dhahabu shingoni.
Kwanza bila uzi. Nikazungusha gurudumu polepole,
sikio karibu na kichwa chake,
hadi Chilewa akacheka: "Inakuambia nini, mzee?"
Inaniambia ina kiu ya mafuta.
Haikohoi.

Kanga ikapita. Satini ikapita bila kuvutwa.
Kwenye jinzi, mkunjo wa nne, ikasita,
nami nikasita nayo,
kisha ikapanda kama treni ya mizigo
inavyoupanda ukingo wa Bonde la Ufa,
kwa kuguna, lakini bila kuruka hata mshono.
Nikageuza kitambaa. Upande wa juu ni wa wageni,
wa chini ndio wa nyumbani.

Kwenye bobini ulibaki uzi wa kijani
wa fundi nisiyemjua. Chilewa alitaka kuutoa.
Nikamwambia auache.
Tulivutana bei mpaka adhana ya adhuhuri;
akashusha elfu ishirini, akaongeza sindano na chupa ya mafuta.

Nyumbani, Sechelela hakuitazama.
Aliyapapasa meno yanayovuta kitambaa,
akapapasa na dhahabu iliyobanduka.
"Umeniletea bibi kizee."
"Nimekuletea mshono."
"Haya, tunga uzi, mtu wa reli."

Robo saa nzima nikilamba uzi, nikilikosa tundu,
naye kimya, mguu tayari juu ya kanyagio,
akigonga meza kwa kidole, taratibu,
kana kwamba anatafuta ufa ndani yangu.